Baba Neema, Nimewaona Watu Wako wa Motahomu

Mpendwa Baba Neema,

Nimekwenda. Miaka miwili ulinibembeleza nikakataa, na sasa, miezi saba baada ya kukuzika, nimekwenda peke yangu, kwa hiyo usinicheke huko uliko. Sikwenda kwa sababu moyo wangu ulikuwa umelainika. Nilikwenda kupeleleza.

Barua hii naiandika wazi, isomwe na watu wa kanisani na yeyote mwingine anayetaka, kwa sababu maneno niliyokusema niliyasema mbele yao. Mtu akikuchafulia jina barabarani hawezi kukusafisha chumbani. Tena wako wanawake wengine kati yetu ambao waume zao wameanza kutazama matangazo ya karavani kwenye simu. Nao wasome, wajue kinachowangoja.

Nianze na lile gari. Kule nyumba ya wazee Liverpool, hii ya hapa Australia, ulikofanya kazi kulikuwa na mzee mmoja uliyekuwa ukimwogesha asubuhi. Yeye ndiye aliyekutia ugonjwa wa haya magari. Alikusimulia jinsi alivyoizunguka nchi hii yote na mkewe ndani ya motahomu, gari lenye kitanda nyuma, jiko katikati na choo cha kukunjia magoti pembeni. Ukarudi nyumbani Minto macho yanakung'aa, nami nikajua tumekwisha. Haikupita miezi mitatu ukaingia na lako, jeupe, limetumika, lina mstari wa buluu ubavuni, ukaliegesha mbele ya nyumba hadi jirani akatoka kutazama.

Unakumbuka nilivyokuambia? Nilisimama mlangoni mikono kiunoni. Nikasema, miaka sita tumelala chini ya turubai kambini, tumemwomba Mungu usiku na mchana atupe ukuta, Mungu katupa ukuta, tena wa matofali, na wewe umekwenda kununua turubai yenye magurudumu. Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya geti.

"Mama Neema," ukasema, "ile turubai tulikimbilia. Hii tunaenda kwa kupenda."

Basi ukaanza kwenda kwa kupenda. Kila mwezi, Ijumaa baada ya zamu, ulijaza maji, ukaangalia gesi, ukaondoka kwenda kwa hiyo klabu yako ya wenye motahomu, na Jumapili mchana ukarudi unanukia moshi wa kuni na furaha. Ile furaha ndiyo iliyonisumbua. Mwanamume akirudi nyumbani na furaha ambayo hukumpa wewe, lazima ujiulize ameichota wapi. Nilikuuliza wanafanya nini huko. Ukasema, "Tunakaa tu." Watu wazima hamsini wanaendesha magari saa nzima, saa mbili, kwenda kukaa tu? Nani anaamini hilo?

Halafu ikaja ile simu. Ulikuwa bafuni, simu iko mezani, ikaangaza yenyewe, sikuigusa. Ujumbe ulisema: Usisahau tangawizi. Nafasi yako ya kawaida ipo. Aliyeandika ni Glenys. Nikakaa na jina hilo wiki nzima. Nikampelekea Mama Solange kanisani baada ya mazoezi ya kwaya, naye hakunisaidia hata kidogo. Alitikisa kichwa polepole akasema, "Mama Neema, mwanaume anapumzikaka peke yake? Fungula macho, dada."

Nikafungua macho. Nikaficha tangawizi. Ndiyo, sasa ujue, ile tangawizi iliyokuwa ikipotea jikoni ilikuwa kwenye sanduku la nguo za baridi, na wewe ulikuwa ukienda dukani kununua nyingine bila kuuliza. Hata kutouliza kwako nilikuhesabu kama ushahidi. Nilipokutajia jina la Glenys ulinitazama kidogo, ukasema, "Kuja utamuona." Nikasema sitamfuata mwanamke kwake. Nikachukua mto wangu nikahamia chumba cha Neema, na siku hizo ndizo zilizokuwa zimebaki, ila hatukujua.

Hospitalini, wiki ya mwisho, uliniomba tena. Ulikuwa umeishiwa sauti. "Mara moja tu, Mama Neema. Enda mara moja." Mimi nikakujibu, "Nikamwone nani?" Ukageuza uso ukatazama dirisha. Baba Neema, jibu lile nimelala nalo na kuamka nalo miezi saba. Sikuwa na hasira tu. Nilikuwa na uhakika.

Baada ya mazishi gari lilikaa mbele ya nyumba likiota utando wa buibui kwenye vioo. Neema akaanza. Unamjua mwanao, Kiswahili anakisikia chote lakini majibu yanatoka kwa Kiingereza. "Mum, it's just sitting there. Sell it." Nikapata mnunuzi, kijana tunayefanya naye kazi kule ghala la Smithfield, akasema atakuja Jumatatu na mkewe kulitazama. Wiki hiyohiyo ikaja barua ya klabu kwa jina lako. Mkutano wa mwezi huu, uwanja wa maonyesho ya kilimo, ng'ambo ya Camden. Wageni wapya mnakaribishwa sana.

Camden! Nusu saa kutoka kitandani kwangu. Nikasema vizuri, kabla ya kuuza nitakwenda kama mgeni mpya, nimwone huyo Glenys kwa macho yangu, nijue nimeachwa mjane wa nani. Nikapiga simu nikajiandikisha kwa jina la pasipoti, Bahati, ili wasinijue.

Kuendesha hakukunitisha. Mtu aliyeendesha folklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, miaka kumi na mmoja ghalani hatishwi na gari la kulala. Nilichoogopa ni mapokezi, na nilikuwa na haki. Ulikuwa umenisimulia jinsi mgeni anavyopokelewa: wote wanainuka vitini, wanamzunguka, huyu anamwelekeza kushoto, yule kulia, wanagombana wao kwa wao, na kabla hajazima injini ameshapewa kikombe. Mimi nilifika getini saa tisa alasiri. Mzee mmoja mnene mwenye kizibao cha manjano, kama vile vyetu vya ghalani, alisimama mbali mbele yangu, hatua kama ishirini, akainua mikono yote miwili juu, viganja wazi. Akaanza kutembea mbele akinionyesha njia. Hakuja dirishani. Hakuna aliyekuja dirishani. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja mbele ya karavani zao, wakainua mikono, wakaishusha, wakaendelea kukaa.

Nikashusha kioo kidogo kuwapa nafasi. Wapi! Nikaegesha mwenyewe, kinyumenyume, mara moja tu, katikati ya miti miwili ambapo hata wewe ungerudia mara nne. Yule mzee akatikisa kichwa kwa heshima, kutoka mbali, akaondoka. Nikabaki nimeshika usukani. Kwetu mgeni asiyepokewa hata mzigo ameshaambiwa arudi alikotoka, imebaki yeye tu kuelewa. Nikasema moyoni, haya, rangi yangu wameiona. Kwa mume wangu walikuwa na tangawizi yake, kwangu hata kikombe hakuna.

Mbele ya nafasi yangu kulikuwa na meza ndogo, juu yake kibandiko cha jina kimewekewa jiwe kisipeperuke. Kilikuwa na duara la kijani pembeni, alama ya kwamba huyu ni mgeni wa mara ya kwanza, wote wamjue. Hilo peke yake halikunipendeza, sipendi kutiwa alama. Lakini kilichonifanya nirudi ndani ya gari na kufunga mlango ni jina lenyewe. Hawakuandika Bahati. Waliandika Mama Neema.

Nani aliwaambia?

Nikakaa kitandani nikafikiria kuondoka. Sasa ningeondokaje na sufuria lile? Maana barua ilisema saa kumi tunakaa pamoja tunakula na kunywa, na mimi ni mtu niliyelelewa. Nilikuwa nimepika sombe, ndagala na wali wa watu arobaini, kuanzia saa kumi alfajiri. Hata mpelelezi haendi kwa watu mikono mitupu.

Hili ungeniambia, Baba Neema. Ungeniambia kwamba kukaa pamoja kwao maana yake kila mtu anakuja na kiti chake, kikombe chake, kinywaji chake na kisahani chake cha jibini na biskuti, anakaa kwenye duara, anakula vyake juu ya goti lake. Mimi nilitoka na sufuria kubwa mikononi, sina kiti. Mgeni anabeba kiti? Mzee mmoja akachungulia ndani ya sufuria akaniuliza kwa upole kama nasubiri familia.

Hapo ndipo akainuka bibi mmoja kutoka upande wa pili wa duara. Mfupi, nywele nyeupe tupu, goti moja limefungwa bandeji ya kuvuta, umri wa sabini na tano hivi. Alikuja hatua chache akasimama. Kiingereza chake ni kile cha kumeza maneno, lakini alikipunguza mwendo kwa ajili yangu. Akasema viti vyako viko kwenye kile kisanduku cha nje, ubavu wa kushoto, kufuli inakwama, uivute juu kwanza.

"Na wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Mimi ni Glenys, mpenzi wangu."

Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamke, nikakuta bibi. Mtu mwingine angelegea hapo. Mimi sikulegea, kwa sababu bibi naye ni mwanamke, na huyu alikuwa akijua kufuli ya mume wangu inavyokwama kuliko mimi mkewe. Nikaenda kwenye kile kisanduku. Ikakwama. Nikaivuta juu. Viti vilikuwa viwili, kimoja kimechakaa, kimoja kipya bado kina karatasi ya dukani mguuni. Nikachukua kilichochakaa.

Niliketi katikati yao nikawasikiliza, na nikuambie nilichokisikia, kwa sababu hata wewe hukuwahi kunieleza vizuri. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani. Hakuna aliyeniuliza nilikujaje Australia, swali ambalo hata daktari wa meno ameniuliza. Waliniuliza gari lina uzito gani. Paneli za jua ni wati ngapi. Betri ni za aina gani, na maji machafu namwaga kwa bomba la inchi ngapi. Nilijua ni mtego, kwa hiyo sikujibu kitu, nikasema nitaangalia. Wakaridhika! Wakaanza kubishana wenyewe kuhusu betri. Kisha ikapita bahati nasibu, mshindi anapewa sinia la nyama, uandike jina na namba ya simu kwenye tiketi. Nikasema asante, nyama ninayo.

Sombe ikaisha. Mtu wa kwanza alikuwa Glenys, alikuja na kisahani chake akasema, "Hiki ndicho alichokuwa akikisifia?" Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Wakala majani ya muhogo na samaki wenye macho, bila kuuliza ni nini, wakakwangua sufuria. Nikaandika kichwani: mtu anayekula asichokijua bila swali ana jambo analolitaka. Huenda ni gari langu. Mwanamke mmoja alikuwa amelisifia mara mbili.

Jumamosi asubuhi wana desturi yao, nayo mgeni ajiandae. Wanaita milango wazi. Kila mtu anafungua mlango wa gari lake, na wengine wanapita nyumba kwa nyumba kutazama ndani. Wanafungua makabati yako! Wanapiga magoti kutazama mabomba, wanakuuliza hiki kishikio ulinunua wapi. Nikasimama mlangoni kwetu kama askari, lakini nikaelewa angalau jambo moja, jinsi Glenys alivyojua kufuli inakwama. Ulikuwa umewafungulia wote.

Nami nikaenda kwa Glenys, si kwa mabomba. Nilitazama kitanda chake, chembamba cha mtu mmoja, mto mmoja. Nilitazama kabati la vikombe. Mlangoni mwa friji kulikuwa na picha ya mumewe, aliyekufa kabla hujajiunga, na chini yake picha ya duara lao, wewe pembeni umeshika chupa ya chai, umefumba macho kwa kicheko. Glenys akasema chai yako ya tangawizi ndiyo iliyomsaidia kifua msimu wa baridi uliopita, na kwamba sasa kila mtu anajaribu kuitengeneza na hakuna anayeiweza. Akaniuliza unaanza na maji au na maziwa. Nikamwambia maji. Nikatoka nje kabla uso wangu haujanisaliti.

Lakini sikuwa nimemaliza. Jambo moja lilikuwa bado limenikaa kooni, nalo likapanda juu mchana wa siku hiyo.

Ilikuwa kama saa sita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya gari letu nakung'uta mkeka. Karavani moja ikaingia getini, inavutwa na gari la mume na mke waliochelewa, wageni wapya kama mimi, duara la kijani kama mimi, ila weupe. Baba Neema, uwanja mzima uliinuka. Wazee wakakimbia na magongo yao. Huyu kushoto, yule kulia, vicheko, watu wameegemea madirisha yote mawili kabla gari halijasimama. Na yule mzee mnene wa kizibao cha manjano, Kev anaitwa, alikuwa dereva wa malori zamani, alitembea ubavuni mwa ile karavani ikirudi nyuma, na ilipofika mahali pake akaipiga kwa kiganja. Pa! Pa! Pa! Maana yake simama, umefika.

Mimi sikumbuki nilivyofika chini. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya gurudumu letu, mkeka umenifunika kichwa, mchanga mdomoni. Nilipoinuka mtu wa kwanza kuniona alikuwa Kev mwenyewe, naye aliweka mikono kichwani akawa mwekundu kama nyanya.

Nikamwendea. Hasira ilikuwa imeshika usukani. Glenys naye akaja anachechemea. Nikawauliza wote wawili, mbele ya watu, kwa Kiingereza changu cha ghalani ambacho hakina mapambo: hawa mmewakimbilia, mimi mlinikalia vitini. Hawa dirishani kwao mmejaa, mimi dirishani kwangu hakuja mtu. Niambieni kwa nini. Semeni tu, mimi ni mtu mzima.

Kev akasema, "Samahani sana. Nilisahau kwamba upo karibu."

"Ulisahau nini?"

Akamtazama Glenys, na Glenys akanieleza. Akasema ulipofika mara ya kwanza, zaidi ya miaka miwili iliyopita, wote walikukimbilia kama kawaida, na Kev akapiga ubavu wa gari lako kama kawaida. Hukukasirika. Lakini saa kumi, kwenye duara, wakati wa matangazo, uliinua mkono ukasimama. Ukawaambia, mke wangu atakuja siku moja. Akija, msimpige gari. Msiende dirishani kwake. Mtu mmoja asimame mbele, mbali, mahali atakapoona mikono yake. Mwacheni akae, atakuja mwenyewe, na mumwite Mama Neema.

Akasema hukuyasema mara moja. Uliyasema kila mwezi, kila duara, mpaka ukisimama tu wanakujibu kwa pamoja, tunajua, rafiki, tunajua. Baada ya wewe kufa waliyaandika kwenye karatasi ya wale wanaopokea magari, maana hawakujua kama nitakuja na walitaka anayepokea siku hiyo ajue. Jina Bahati lilipoingia kwenye orodha likiwa na namba ya gari lako, wote wakaambiwa.

Nilimsikiliza na badala ya kushukuru nikawaka. Nikamuuliza, na sababu? Mume wangu aliwaambia sababu gani? Nilikuwa nimeshakutuhumu tena hapohapo, kwamba umewagawia watu wasionijua jambo langu.

Glenys akashangaa. "Hakutuambia sababu," akasema. "Na sisi hatukumuuliza."

Watu wanaouliza inchi za bomba la maji machafu. Hilo hawakuuliza.

Nikarudi ndani ya gari nikakaa kwenye kiti chako cha dereva, mlango wazi, nikalia mpaka nikachoka. Kwa sababu mimi mwenyewe sikuwahi kukuambia sababu. Nilijaribu kukumbuka uliijulia wapi, nikakumbuka siku moja kule maduka ya Liverpool, miaka mingi iliyopita. Ulikuwa ukitoka kinyumenyume kwenye maegesho, na mtu mmoja mwema akatupigia buti la gari kwa kiganja kutuonyesha njia iko wazi. Mimi nilikuwa chini, kati ya kiti na dashibodi, kiatu kimenitoka. Hukuniuliza kitu. Uliniokotea kiatu, ukawasha indiketa, tukaenda nyumbani. Tangu siku hiyo ukawa unaegesha mbali kabisa, mwisho wa uwanja, penye nafasi tupu kila upande, na mimi nikakucheka miaka yote hiyo. Nilikuambia mbele ya marafiki zako kwamba nimeolewa na mwanamume anayeogopa maegesho. Ulikuwa unacheka nao.

Jumapili asubuhi wanaaga kwa utaratibu wao. Mgeni mpya anasimama anasema jina lake na neno moja. Wale wengine wawili walisema wamefurahi. Mimi nilisema naitwa Mama Neema, na gari langu lina kilo elfu tatu na mia nane. Walipiga makofi kuliko nilivyotarajia. Waliponisindikiza, walisimama mbali.

Mnunuzi nimemwambia asije. Neema kasema, "Mum, are you serious?" Nikamwambia mwezi ujao aombe ruhusa kazini, kuna kiti kipya bado kina karatasi yake. Bado siwaamini watu wako, hilo ujue. Wanapungiana mikono barabarani na watu wasiowafahamu kwa sababu tu wote wana motahomu, na yule mwanamke bado analitazama gari langu. Nitaendelea kuwachunguza. Lakini nitawachunguza nikiwa nimekaa kwenye duara, na chai nitapika mimi.

Na sasa nikuambie, kwa kuwa wewe hukuuliza.

Unajua kwamba mdogo wangu Dieudonné alikufa vitani. Ndivyo nilivyokuambia, ndivyo nilivyomwambia mama yangu mpaka akafa, kwamba watu wenye bunduki walisimamisha lori letu njia ya Uvira, kule kwetu, wakamchagua yeye. Hawakumchagua yeye. Walizunguka lori, na mmoja wao akapiga ubavu kwa kiganja, mara tatu, hapo nje ya bodi ambapo kichwa changu kilikuwa kimeegemea. Akasema, aliyekaa hapa ashuke. Aliyekaa pale nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijua wanamtafutia nini msichana. Dieudonné akanishika bega akanikandamiza chini, akasimama yeye, akasema, ni mimi. Nami nikanyamaza. Lori likaambiwa liende, likaenda.

Hayo sikuwahi kumwambia mtu. Nilikulalia pembeni miaka ishirini na mbili nikiwa nayo, nikakuzalia mtoto nikiwa nayo, na ukayalinda bila kuyajua, kila mwezi, umesimama mbele ya wazungu hamsini wenye jibini magotini. Miaka miwili nilikupekua nikitafuta siri uliyonificha. Mwenye siri nilikuwa mimi.

Nisamehe, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema